Watoto wanaupenda mchezo wa desimali, ila kwenye daftari bado 0.3 + 0.25 ni 0.28. Niache michezo?

"Mwalimu habari za kazi. Nafundisha hisabati darasa la tano shule ya serikali, nina watoto 84 kwenye chumba kimoja. Mwezi huu tuko kwenye desimali. Nilivyoona wanasinzia nikaanzisha mchezo wa soko, nimeandika bei kwenye vikaratasi kama 2.50, 1.75, 3.20, wengine wauzaji wengine wanunuzi, wanajumlisha na kurudisha chenji. Wanaupenda hatari, kengele ikigonga hawataki kutoka. Lakini nikiwapa zoezi la kuandika zaidi ya nusu wananiandikia 0.3 + 0.25 = 0.28, na nikiuliza ipi kubwa kati ya 0.4 na 0.125 wanasema 0.125. Mwalimu mwenzangu ananiambia michezo ni kupoteza muda, niwape maswali hamsini hamsini mpaka waelewe. Kuna binti mmoja pia, kila tukicheza anakaa pembeni hataki kushika hata karatasi. Niache michezo? Au kuna mchezo mwingine mzuri zaidi?"

Mwalimu, salama, na hongera sana. Wapo wengi wangeona darasa limechangamka wakaishia hapo, wewe umefungua madaftari 84 ukakagua ukaona furaha na majibu haviendi pamoja, hiyo ndo kazi yenyewe. Nimelisoma swali lako mara mbili tatu, na nilivyokuelewa hofu yako ni kwamba kinachotokea kwenye mchezo hakivuki kwenda kwenye daftari, kama vile una madarasa mawili tofauti, la soko linaloelewa na la zoezi lisiloelewa.

Nianze na jambo litakalokushangaza kidogo. Kinavuka. Watoto wako wanatumia kwenye zoezi kitu kilekile walichofanya sokoni, tena kwa uaminifu kabisa.

Angalia bei zako. 2.50 na 1.75. Mtoto akiiziba nukta kwa kidole anaona 250 na 175, anajumlisha anapata 425, anairudisha nukta tarakimu mbili kutoka kulia, 4.25, amepatia, mwenzake anampa mzigo na chenji na wote wanacheka. Hakuna sehemu yoyote humo ndani aliyolazimika kujua hiyo 5 ya kwenye 2.50 inasimama badala ya nini. Bei zako zote zina tarakimu mbili baada ya nukta kwahiyo njia hiyo inafanya kazi kila mara. Sasa mpe 0.3 na 0.25 kwenye daftari. Anaziba nukta, 3 na 25 ni 28, anarudisha nukta, 0.28. Ni njia ileile iliyompa ushindi jana. Kwahiyo soko halijawafundisha desimali, limewapa mazoezi ya kujumlisha namba nzima ambazo zina nukta katikati, na wameyashika vizuri.

Alafu kuna hili la shilingi. Ule mchezo wa bei za nukta unafaa nchi ambazo mtoto anashika senti mkononi kila siku. Mtoto wako wa Darasa la Tano hajawahi kununua kitu cha 2.50, pipi ni 50 au 100, maandazi ni 200, senti kwake ni neno la kwenye kitabu. Maana yake akipata jibu la ajabu hana kitu chochote maishani mwake cha kumwambia "hapana, hii haiwezekani". Tena ukipita dukani utakuta kibao kimeandikwa 1.500 kumaanisha elfu moja mia tano! Pesa yetu kwa kweli sio mahali pazuri pa kuanzia desimali, kilo na mita na lita ndo mahali pake.

Tuje kwenye kichwa cha mtoto, maana ukijua anavyofikiria michezo utaibuni mwenyewe. Makosa ya desimali hayatoki hewani, yana kanuni yake. Kundi la kwanza ndo hilo lako kubwa, wanaamini namba ndefu ndo kubwa. 0.125 inaizidi 0.4 kwa sababu 125 inaizidi 4. Na usiwalaumu, miaka minne tumewafundisha kwamba namba yenye tarakimu nyingi ni kubwa, na kwenye namba nzima ni kweli kabisa. Kundi la pili wengi wetu hatulijui kama lipo: hawa wanaamini namba fupi ndo kubwa. Wametoka kujifunza sehemu, wakasikia kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, wakahitimisha kwamba chochote chenye sehemu za mia ni kidogo. Hawa ukiwauliza 0.4 na 0.125 watakujibu 0.4, utawawekea vema, utaenda zako ukiamini wameelewa kumbe hawajaelewa hata kidogo.

Ndo maana kabla hujabadilisha mchezo wowote, kesho asubuhi andika jozi sita ubaoni, kila mtoto aandike ipi kubwa au kama zinalingana, kwenye kikaratasi, kimyakimya, dakika tano: 0.4 na 0.125. 0.8 na 0.45. 0.75 na 0.6. 0.362 na 0.2. 0.5 na 0.50. 0.07 na 0.3. Wa kundi la kwanza watakosa mbili za mwanzo na kupata mbili zinazofuata. Wa kundi la pili itakuwa kinyume chake, watapata mbili za mwanzo na kukosa ya tatu na ya nne. Zile mbili za mwisho zinakuonyesha wanaichukuliaje sifuri. Usiweke maksi, gawa tu vikaratasi kwenye mafungu, utajua una watoto wangapi wa kila fungu.

Na kuna sehemu ambayo sisi walimu wenyewe tunawasaidia kukosea, mdomoni. Tunasoma "sifuri nukta ishirini na tano". Mtoto akisikia ishirini na tano kichwani inaingia ishirini na tano, ile ya mayai na ya mbuzi. Soma "sifuri nukta mbili tano", au kama una muda soma "sehemu ishirini na tano za mia", na 0.3 soma "sehemu tatu za kumi". Wiki ya kwanza mtajichanganya wote, wiki ya pili watoto ndo watakuwa wanakurekebisha wewe. Nukta yenyewe iandike kubwa, ikiwezekana kwa chaki ya rangi, maana kwenye ubao uliochoka mtoto wa dawati la nyuma haioni kabisa, anasoma 025.

Niongeze kidogo hapa kwa sababu napenda walimu wajue: nukta haikuwa rahisi hata kwa wakubwa. Mwaka 1585 Simon Stevin, mtu wa mji wa Bruges, alichapisha kijitabu cha kuwafundisha wapima ardhi na wafanyabiashara wa Ulaya hesabu hizi za sehemu za kumi, na hakutumia nukta. Kila tarakimu aliiwekea kiduara chenye namba kuonyesha nafasi yake, kiduara cha 1 kwa sehemu za kumi, cha 2 kwa sehemu za mia, na kuendelea. Inachosha kuandika, lakini ukiwa na mtoto aliyekwama kabisa jaribu naye hiyo, aandike 3 na kiduara cha 1, chini yake aandike 2 yenye kiduara cha 1 na 5 yenye kiduara cha 2. Ataona mwenyewe kwamba ile 3 haina biashara na 5, mwenzake ni 2.

Sasa vifaa. Huhitaji kununua kitu cha maana. Tafuta kamba ya katani au uzi mnene wa mita moja kamili, pima kwa futikamba ya fundi cherehani, kila sentimita 10 weka alama kwa maka peni nyekundu, kila sentimita 5 alama ndogo nyeusi. Kamba nzima ndo 1. Alama nyekundu ya kwanza ni 0.1. Tengeneza kamba kumi na nne kama unaweza, moja kwa kila watoto sita, na kila kamba iwe na vibanio viwili vya nguo. Basi. Siku ya kwanza msicheze, muulize yeyote aliyeandika 0.28 aje mbele. Aweke kibanio kimoja kwenye 0.3. Aambiwe sasa anaongeza 0.25. Kibanio cha pili akiweke pale alipoandika jibu lake, 0.28.

Nilifanya hivi na kijana mmoja, mwenye akili sana na mbishi kweli. Akaweka cha pili kwenye 28, akakishika, akaangalia cha kwanza kiko kwenye 30. Akakaa kimya kama nusu dakika hivi, darasa zima linamwangalia. Akasema "mwalimu, imerudi nyuma". Sikumwambia kitu. Akahesabu mwenyewe, mbili nyekundu na nusu kutoka 30, akasimama kwenye 55. Nakuhakikishia lile "imerudi nyuma" lilifanya kazi kuliko vipindi vyangu vitatu vya kupanga nukta chini ya nukta, maana kupanga nukta chini ya nukta ni amri, lakini kuongeza kitu alafu kikapungua ni jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitano halikubali.

Hicho ndo kipimo ninachotaka ukitumie kwa mchezo wowote, wa kwangu, wa kitabuni, wa kwenye simu. Jiulize: mtoto mwenye kanuni mbovu anaweza kushinda? Kama anaweza, mchezo unamkomazia ubovu. Kama kanuni mbovu inamfanya ashindwe, na anaona mwenyewe kwa nini ameshindwa bila wewe kupuliza filimbi, huo mchezo ushike.

Wa kwanza ninaoushika mimi naita Kufika Mita. Kikundi cha sita, timu mbili za watatu, kamba moja, kila timu na kibanio chake kikianzia sifuri. Kwenye mfuko kuna vikaratasi vya 0.1, 0.2, 0.3, 0.4, 0.05, 0.08, 0.15, 0.25, kila kimoja viwili viwili. Timu inachomoa viwili, inachagua kimoja, kingine kinarudi. Kabla ya kusogeza wanatamka kibanio kitasimama wapi, na timu pinzani inakagua kwenye kamba, wakitamka vibaya hawasogei. Anayefika 1 kamili au kuikaribia zaidi bila kupita ndo mshindi, akipita ametoka. Angalia inavyofanya kazi: timu iko kwenye 0.65, imechomoa 0.4 na 0.3. Mtoto wa kuziba nukta anaona 65 na 4 ni 69, anashangilia, anachukua 0.4, kumbe 0.65 na 0.4 ni 1.05, kamba imeisha. Na ile 0.3 aliyoiacha kwa sababu 68 ni ndogo kuliko 69 ingempeleka 0.95 salama. Wakishazoea, geuza, waanzie 1 warudi hadi sifuri kwa kutoa, hapo ndo utaona kazi kwenye 1 toa 0.08.

Wa pili, na huu wanaucheza wote 84 kwa wakati mmoja bila vurugu, ni wa vizibo vya soda. Kuna toleo lake ambalo walimu wengi wanalijua: unaandika 0 na nukta na nafasi tatu, unachomoa kizibo chenye tarakimu, kila mtoto anaijaza kwenye nafasi anayotaka bila kufuta, mwenye namba kubwa anashinda. Niliutumia miaka mingi nikiamini ni mchezo mzuri. Unafundisha kitu kweli, kwamba nafasi ya kwanza ndo yenye nguvu, lakini una ugonjwa uleule wa soko lako, namba zote zina urefu sawa, 0.692 na 0.962 unaweza kuzilinganisha kama 692 na 962 ukapatia. Kwahiyo nikaubadilisha. Sasa lengo ni kuikaribia 0.5. Nachomoa vizibo vinne mmoja mmoja, tarakimu zinaandikwa kwa mpangilio zinavyotoka, kila mtoto ana ruhusa ya kukataa kimoja tu, na anaweza kusimama muda wowote akasema nimemaliza, anachora mstari.

Vikitoka 8, 4, 2, 9 mtoto makini anaikataa 8, anaandika 0.4, halafu 0.42, halafu 0.429. Mtoto wa "ndefu ndo kubwa" ataikataa 8 pia, ataandika 0.4 na kusimama hapohapo, kwa sababu kwake 4 iko jirani na 5 na 42 iko mbali huko. Anashindwa. Na anataka kujua kwa nini, mwalimu, hapo ndo roho ya mtoto imefunguka, usiiache ipite, mlete kwenye kamba aone 0.4 iko hatua 0.1 kutoka 0.5, na 0.429 imebakiza 0.071. Baada ya michezo kama sita hivi wataanza kugundua wenyewe kwamba ukiwa chini ya 0.5 endelea, ukiwa juu simama, na kwamba kizibo cha sifuri mwishoni hakibadilishi kitu. Hilo la sifuri ndo ile jozi ya 0.5 na 0.50, wamelipata bila kufundishwa.

Soko lako usilitupe, watoto wamelipenda. Libadilishe tu liwe la kilo badala ya bei: sukari 0.5, unga 1.25, mchele 2, maharage 0.75, chumvi 0.4, na kila mnunuzi ana mfuko unaobeba kilo 4 tu, ukizidi unapasuka. Urefu wa namba umechanganyika, na kilo wanaijua, wametumwa dukani robo kilo na nusu kilo tangu wadogo. Nusu, robo na robo tatu ni desimali ambazo wanazo mdomoni tayari, 0.5, 0.25, 0.75, sisi ndo hatuwaambii kwamba ni kitu kilekile. Anayeziba nukta akapata jumla ya 1.32 kwa sukari, unga na mchele ataona haiwezekani, mchele peke yake ni 2.

Ukifika kwenye kuzidisha na kugawanya kuna imani nyingine itakusumbua, kwamba kuzidisha lazima kukuze na kugawanya lazima kupunguze. Hapo simu yako moja yenye kalkuleta inatosha. Andika ubaoni 8 × ? na useme jibu liangukie kati ya 5 na 6. Watakutajia 2, watakutajia 1, watasema haiwezekani. Atatokea mmoja aseme 0.5, unabonyeza inatoka 4, darasa linaguna. 0.7, inatoka 5.6. Kwa kugawanya uliza kilo 6 za sukari zinatoa pakiti ngapi za nusu kilo, wakijibu 12 waandike 6 ÷ 0.5 = 12 na uwaache waishangae.

Na siku ya kuanzia mada, kama unataka kuwaamsha, wape mbio. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi mwaka 2021, rekodi ya Afrika. Akitokea mtu akakimbia kwa 9.8 amemshinda Omanyala? Nusu ya darasa itasema ndiyo, 8 ni ndogo kuliko 77. Waache wabishane, usitoe jibu upesi. Usain Bolt naye ana 9.58 ya Berlin mwaka 2009, waulize kamzidi Omanyala kwa kiasi gani.

Kwa idadi yako ya watoto naomba uniamini kwenye muda. Mchezo dakika kumi na tano, usizidishe, na dakika kumi za mwisho ni za daftari: kila mtoto aandike raundi tatu alizocheza kama hesabu, 0.65 + 0.08 = 0.73, na mbele yake sentensi moja kwa nini alichagua hivyo. Bila hizo dakika kumi mchezo unabaki uwanjani, wataukumbuka kwa nani alishinda. Kila kikundi kiwe na mkaguzi mmoja anayebadilika kila siku. Kelele zitakuwepo, mwambie mwalimu mkuu mapema kabla hajaja mlangoni. Na ni bora dakika ishirini na tano mara tatu kwa wiki kuliko kipindi kizima Ijumaa, wanasahau kidogo katikati alafu wanalazimika kukumbuka, huko kukumbuka ndo kunakojenga.

Usitumie michezo ya nani wa kwanza kumaliza. Mbio zinamfanya mtoto arudi kwenye njia anayoijua haraka zaidi, na kwa wako njia hiyo ni kuziba nukta. Dadu na karata pia ningekushauri uviache, sio kwa sababu vina ubaya kihesabu, ila kuna wazazi wakisikia mtoto amecheza karata shuleni wataelewa kamari na hawana kosa kuwa na wasiwasi huo. Vizibo na vikaratasi kwenye mfuko vinafanya kazi ileile bila kukugombanisha na mtu.

Sasa mwalimu mwenzako. Usimpuuze, nusu ya anachosema ni kweli. Michezo inakula muda, na mtihani hauji na kamba wala vibanio. Tatizo la maswali hamsini ni wakati wake tu. Ukimpa maswali hamsini mtoto ambaye bado anaziba nukta utakuwa umempa nafasi hamsini za kuizoea kanuni mbovu, na ikishakaa kung'oa ni kazi kweli. Lakini akishaona, akishafika "imerudi nyuma", anayahitaji mazoezi ya kuandika tena mengi, maswali kumi kwa siku yaliyochanganywa urefu, 0.3 + 0.25, 4 + 1.07, 2 − 0.36, sio yote ya tarakimu mbili kama vitabu vingi vinavyopenda. Na kuna mada ambazo mimi sichezi mchezo wowote, mfano kuzidisha 3.24 kwa 1.6 kwa njia ndefu, pale nafundisha ubaoni, nawaambia wakadirie kwanza kwamba jibu litakuwa karibu na 5, wanafanya, tunakagua, wanafanya tena. Mwalike huyo mwenzako kwenye kipindi kimoja cha kamba, mpe kikundi kimoja akikague, alafu mlizungumze kwenye kikao chenu cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mkiwa wawili mtaona makosa ambayo peke yako huwezi kuyaona kwenye watoto 84.

Binti yako nimemweka mwisho lakini ndo niliyemfikiria zaidi. Mtoto anayekataa kushika karatasi mara nyingi anaogopa kuonekana amekosea mbele ya wenzake, na mchezo wa kushindana unaweka makosa hadharani kuliko daftari. Usimlazimishe na usimtaje mbele za watu. Mpe kazi ndani ya mchezo ambayo haina ushindani, awe karani wa kuandika raundi, au mshika kamba, kwa wiki moja. Alafu muweke na mwenzake mpole, wawili, wacheze dhidi ya kamba yenyewe, yaani wote wawili wanajaribu kufika 1, hakuna mpinzani. Siku moja baada ya kipindi kaa naye dakika tano tu na muulize maswali machache taratibu: aweke kibanio kwenye nusu, ahesabu kwa kumi kumi mpaka mia, akusomee kitu ulichoandika ubaoni akiwa amekaa sehemu yake ya kawaida.

Hayo maswali yana sababu. Akishindwa kusoma ubao, au unaona anakunjakunja macho au anaruka nukta hata kwenye kunakili tu, ongea na mzazi apelekwe hospitali akapimwe macho kabla hujafikiria kingine. Akishindwa kuhesabu kwa kumi kumi, au hajui 38 na 41 ipi kubwa, basi desimali sio tatizo lake, anahitaji kurudishwa kwenye namba nzima na thamani ya nafasi kwanza, na hapo mchezo wa desimali utamuumiza tu. Ukimrudisha wiki kadhaa kwa vitu vya kushika, vijiti vya kufunga kumi kumi, na bado hasogei wakati mengine kama kusoma na kusimulia anayaweza vizuri, mtafute mwalimu wa elimu maalumu, kama shuleni kwenu hayupo muulize Afisa Elimu Kata wapi alipo wa karibu, akae na huyo mtoto ana kwa ana. Mimi kwa maandishi siwezi kumpima na wewe usijaribu kumpa jina la tatizo mwenyewe. Na kama ameacha kucheza hata nje wakati wa mapumziko, hali chakula, amebadilika ghafla, hilo halihusu hisabati hata kidogo, nenda kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu rudia jozi zilezile sita, badilisha tarakimu tu, gawa vikaratasi kwenye mafungu kama mwanzo. Fungu la kwanza likibaki na watoto zaidi ya kumi na tano, hao wakusanye pembeni na kamba mbili wakati wengine wanafanya maswali ya kuandika, na uanze nao tena kwenye ile 0.3 na 0.25 na vibanio viwili.